"Taifodi" isiyokwisha: Karatasi ya maabara inasema nini hasa?

Na Mwandishi Wetu

Kuna mama mmoja, jirani wa shangazi yangu katika mtaa wa Kisumu Ndogo mjini Malindi, ambaye mtaa mzima unamjua kwa mahamri yake. Kabla ya adhana ya alfajiri huwa keshawasha jiko, na watoto wa shule wanapoanza kupita huwa karai la kwanza limekwisha. Siku niliyokwenda kumjulia hali shangazi, nilikuta jiko hilo limepoa na karai limefunikwa.

"Ana taifodi," shangazi alinieleza. "Tena taifodi yake ni sugu. Inatibiwa, inarudi."

Nilivuka uchochoro kwenda kumpa pole. Nilimkuta amejilaza kwenye mkeka barazani, kajifunika kanga mbili ijapokuwa jua lilikuwa kali la kukausha dagaa. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa amelala ubavuni pake. Baada ya salamu aliingiza mkono chini ya mto, akatoa bahasha kuukuu ya kaki.

"Mwanangu, wewe umesoma," aliniambia. "Hebu nisomee hizi. Mara naambiwa taifodi imepanda, mara imeshuka, mara imepanda tena. Sasa mimi hata sijui kama hii ni homa au ni bei ya sukari."

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi sita za maabara, zote za muda wa miezi mitano. Kila moja ilikuwa na herufi na namba: TO 1:80, TH 1:160, na nyingine TO 1:160. Chini yake kalamu nyekundu ilikuwa imeandika neno moja tu, "positive". Kwa kila karatasi alikuwa amemeza vidonge vya wiki nzima, na mara mbili alidungwa sindano siku tano mfululizo. Mbuzi wawili aliokuwa akiwafuga kwa ajili ya karo ya mjukuu walikuwa wamekwisha kuuzwa.

Nilizisoma karatasi zile, nikaona haya. Herufi nilizitambua, lakini maana yake sikuijua. Ndipo nilipoamua kuwauliza wanaojua, na haya ndiyo niliyoyapata. Ndugu msomaji, kama na wewe una bahasha kama ile chini ya mto, yasome pole pole.

KIPIMO CHA TANGU 1896

Kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi zile kinaitwa Widal, kwa jina la tabibu Mfaransa, Fernand Widal, aliyekitangaza mjini Paris mwaka 1896. Wakati huo hapakuwa na njia nyepesi ya kumtambua mgonjwa wa homa ya matumbo, na ugunduzi wake ulikuwa msaada mkubwa. Jambo la kukumbuka ni kwamba tangu siku hiyo imepita zaidi ya miaka 120, na kipimo chenyewe hakijabadilika sana.

Watu wengi hudhani kwamba mtu wa maabara akichukua damu huwa anamtafuta mdudu wa taifodi ndani yake. Kwa kipimo cha Widal sivyo. Kinachotafutwa ni kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza unapovamiwa na adui. Tone la maji ya damu huchanganywa na dawa yenye bakteria waliokufa. Kama askari wamo, mchanganyiko hugandamana na kufanya chembe chembe zinazoonekana kwa macho. Herufi O na H ni sehemu mbili za mwili wa bakteria huyo: O ni ngozi yake ya nje, H ni mikia yake ya kuogelea.

Hapo ndipo penye tatizo. Kumwona askari barabarani si ushahidi kwamba mwizi yumo nyumbani kwako leo. Huenda mwizi alikuja mwaka juzi akaondoka, na askari wamebaki wakizunguka. Huenda ni mwizi mwingine kabisa anayefanana naye. Vivyo hivyo, mtu aliyewahi kuugua homa ya matumbo zamani anaweza kuendelea kuwa na kingamwili hizo kwa miezi au miaka. Jamii ya bakteria hawa, Salmonella, ina ndugu wengi, na kingamwili za ndugu mmoja zinaweza kumgandamanisha mwingine. Hata malaria na maradhi mengine huweza kukichanganya kipimo hiki kikaonyesha homa ya matumbo isiyokuwepo.

Kinyume chake pia hutokea. Katika wiki ya kwanza ya ugonjwa mwili haujatengeneza askari wa kutosha, kwa hivyo mgonjwa wa kweli anaweza kupimwa na kuambiwa hana kitu.

NAMBA SI UKALI WA UGONJWA

Zile namba za 1:80 au 1:160 huwatisha watu bure. Maana yake ni kwamba maji ya damu yalizimuliwa mara 80, au mara 160, na bado yakagandamana. Ni kipimo cha wingi wa kingamwili tu. Anayeambiwa ana 1:160 si lazima awe mgonjwa kuliko mwenye 1:80, na anayeambiwa "taifodi yako imepanda" huenda hana taifodi hata kidogo.

Ili kipimo cha Widal kiwe na maana ya kutegemewa, wataalamu hutaka damu ichukuliwe mara mbili, kwa tofauti ya siku saba hadi kumi na nne, na kiasi cha kingamwili kiwe kimeongezeka angalau mara nne. Kwa mfano, kitoke 1:40 kifike 1:160 au zaidi. Mama wa mahamri hakuwahi kupimwa hivyo. Kila mara alipimwa mara moja, akapewa dawa kabla hajafika mlangoni.

Kosa lingine ni kurudia kipimo hiki baada ya kumaliza dawa ili "kuona kama imeisha". Kingamwili haziondoki kwa sababu dawa imemalizika. Mtu anaweza kupona kabisa na kipimo kikaendelea kusema anaugua. Taifodi nyingi zinazoitwa sugu huzaliwa hapo, kwenye karatasi, na si kwenye matumbo.

Ni kweli kwamba wako watu wachache wanaobaki na bakteria wa homa ya matumbo, hasa katika kibofu cha nyongo, baada ya kuugua. Lakini watu hao huwa hawana homa. Hutembea wakiwa wazima huku wakiweza kuwaambukiza wengine kupitia chakula na maji. Homa ya kila jioni kwa miezi mitano ni habari nyingine.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Tuchukue mfano. Tuseme watu 100 wenye homa wamepanga foleni kwenye kliniki, na kati yao ni watano tu walio na homa ya matumbo ya kweli. Tuseme pia kipimo kinawakamata wanne kati ya hao watano, na kinakosea kwa mtu mmoja katika kila watano wasio na ugonjwa. Wasio na ugonjwa ni 95, kwa hivyo 19 kati yao wataambiwa wanao.

Mwisho wa siku watu 23 watatoka na karatasi yenye kalamu nyekundu, na wagonjwa halisi kati yao ni wanne tu. Wale 19 watanunua dawa wasizozihitaji. Baya zaidi, ugonjwa wao wenyewe utaendelea kuwala taratibu, maana hakuna tena anayeutafuta.

Hili si jambo la homa ya matumbo peke yake. Kipimo cha haraka cha ugonjwa wa brusela, ule unaotokana na maziwa mabichi na mifugo, nacho kimetumiwa sana katika vituo vya afya vya Kenya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa magharibi mwa nchi, ulionyesha kwamba kipimo hicho hakiaminiki, na kwamba wengi waliopewa dawa za brusela kwa sababu yake hawakuwa na ugonjwa huo.

HOMA ZA PWANI NI NYINGI

Wazee wetu waliita kila homa "homa", nasi tumezigawanya sehemu mbili tu: malaria na taifodi. Ukikosa moja basi una nyingine, na watu wengi hupewa zote mbili pamoja. Je, uchunguzi unasema nini?

Kule Moshi, kaskazini mwa Tanzania, madaktari waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 528, yaani zaidi ya nusu, walikuwa wameandikiwa malaria. Walipopimwa kwa makini, wenye homa iliyosababishwa na malaria walikuwa 14 tu. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria katika damu, homa za kupe na viroboto, homa za wanyama na virusi vya mbu ambavyo hakuna aliyevifikiria.

Mwaka uliofuata, 2014, ulichapishwa uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa bila kulazwa, Dar es Salaam na Ifakara. Watoto saba kati ya kila kumi walikuwa na maradhi ya virusi, hasa ya njia ya hewa, ambayo dawa za kuua bakteria haziyagusi. Wenye malaria walikuwa karibu mmoja katika kila kumi. Homa ya matumbo ilikuwa chini ya wanne katika kila mia.

Na hapa kwetu? Kilifi ina bahati ya kuwa na kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza kazi mwaka 1989 karibu na hospitali kuu ya Kilifi. Kati ya 1998 na 2002 watafiti walipima damu ya watoto zaidi ya 16,000 waliolazwa hospitalini humo, kwa njia ya kuotesha bakteria. Watoto waliofia hospitalini wakiwa na bakteria katika damu walikuwa kama robo ya vifo vyote. Lakini bakteria walioongoza walikuwa wale wa nimonia na wale Salmonella ambao si wa homa ya matumbo. Bakteria wa taifodi yenyewe alikuwa nadra.

Hii haina maana kwamba homa ya matumbo haipo Kenya. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya wagonjwa 200 wa kweli kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ilhali huko Lwak, Siaya, walikuwa chini ya 30. Ugonjwa upo, na hufuata maji machafu na msongamano. Ndiyo sababu serikali ilianza kuwachanja watoto wa miezi tisa hadi miaka 14 dhidi yake katika kampeni ya Julai 2025. Kinachokosewa ni kuuona kila mahali kwa kutumia kipimo dhaifu.

Tusisahau pia kwamba mlipuko wa kwanza wa homa ya dengi kutambuliwa nchini Kenya ulitokea papa hapa, Malindi na Kilifi, mwaka 1982. Dengi huletwa na mbu anayeuma mchana, na huumiza kichwa, macho na viungo kama mtu aliyepigwa rungu. Sindano ya taifodi haimsaidii mgonjwa wa dengi chochote.

PAPASI, KUPE NA KISA CHA MAREKANI

Iko homa nyingine ambayo vizazi vya zamani waliijua vizuri: homa ya papasi. Papasi ni kupe laini anayejificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurudi ufani, na aliyeumwa huamka bila habari. Homa hupanda kwa siku chache, hukoma, kisha hurudi baada ya wiki hivi. Ndiyo maana huitwa homa ya kurudirudia. Tabibu Mwingereza John Everett Dutton, aliyekwenda Kongo kuichunguza, alifia huko mwaka 1905, na bakteria wake akaitwa kwa jina lake. Hadi miaka ya karibuni imekuwa ikijulikana sana katikati ya Tanzania, pande za Dodoma.

Bakteria huyo amejipinda kama skrubu, na huonekana kwa darubini katika damu iliyochukuliwa wakati homa imepanda, kwenye kioo kile kile cha kupimia malaria. Lakini kile kipimo cha haraka cha malaria, cha kibao cha plastiki chenye mistari, hakiwezi kumwona. Kama umelala katika nyumba ya udongo na homa yako inakuja na kuondoka, mweleze daktari, na uombe damu yako itazamwe kwa darubini.

Papasi huyu ana ndugu huko Marekani na Ulaya, kupe wa msituni anayeleta ugonjwa wa Lyme. Ugonjwa huo ulipata jina kutokana na mji wa Lyme, jimbo la Connecticut, ambako mwaka 1975 akina mama wawili walikataa kukubali kwamba watoto wengi wa mtaa mmoja wangeweza kuugua viungo kwa bahati mbaya tu. Walipiga kelele hadi wataalamu wakaja kuchunguza. Miaka michache baadaye bakteria mwenyewe aligunduliwa ndani ya kupe na Willy Burgdorfer.

Nawataja kwa sababu hata huko, penye maabara za kila aina, watu huhangaika na karatasi kama za mama wa mahamri. Kipimo cha Lyme nacho hutafuta kingamwili. Wiki za mwanzo kinaweza kusema hakuna kitu ilhali mtu ni mgonjwa, na miaka baadaye kinaweza kusema mtu ni mgonjwa ilhali amekwisha kupona. Kwa hivyo tangu katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa Marekani wametaka vipimo viwili: cha kwanza kikionyesha ugonjwa, cha pili hufanywa kuthibitisha. Mtu akiwa na alama ya pete nyekundu ngozini baada ya kuumwa na kupe, daktari haingoji karatasi, humtibu. Na walioendelea kumeza dawa kwa miezi mingi kwa sababu ya karatasi hawakupata nafuu zaidi, ila madhara.

Somo ni moja kwa Connecticut na kwa Kisumu Ndogo: karatasi ni shahidi mmoja tu, na hakimu ni daktari aliyekusikiliza na kukushika.

KIPIMO CHA KUAMINIKA NI KIPI?

Kwa homa ya matumbo, kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu. Damu huingizwa katika chupa maalumu na kuhifadhiwa kwenye joto hadi bakteria waote na kutambuliwa. Huchukua siku kadhaa, na ni lazima damu itolewe kabla mgonjwa hajaanza kumeza dawa. Nacho si mkamilifu, maana huwakosa wagonjwa wengi, kama wanne katika kila kumi. Lakini kikisema bakteria yupo, basi yupo kweli, na maabara huweza hata kueleza ni dawa gani itakayomuua. Jambo hilo ni muhimu leo kwa vile dawa nyingi za zamani zimeshindwa, kwa sehemu kwa sababu tumezimeza ovyo.

Kwa malaria, Shirika la Afya Duniani tangu 2010 limetaka kila mtu apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka ni kizuri, lakini hutafuta protini ya kimelea inayoweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Uliyetibiwa malaria wiki mbili zilizopita, mwambie hivyo anayekupima, ili atumie darubini.

KARATASI YA SABA

Tulimpeleka yule mama hospitali ya serikali kwa tuktuk, shangazi na mimi, huku bahasha ameikumbatia. Tabibu aliyetupokea hakuitazama bahasha kwanza. Alimtazama mgonjwa.

"Mama, homa huja saa ngapi?"

"Jioni, daktari. Usiku nalowa jasho, hata kanga nabadilisha."

"Na uzito?"

"Nguo zote zimenipwaya."

"Unakohoa?"

Mama alisita. "Nakohoa, lakini nilijua ni moshi wa jiko."

Alitakiwa atoe makohozi, yakapimwa kwa mashine ya GeneXpert. Karatasi ya saba ilikuwa fupi kuliko zote, na ilisema kifua kikuu.

Nilimwuliza tabibu inakuwaje basi zile dawa za taifodi zilikuwa zikimpa nafuu ya siku chache. Alinieleza kwamba baadhi ya dawa hizo, za ukoo wa ciprofloxacin, humpunguza nguvu hata mdudu wa kifua kikuu. Mgonjwa huona nafuu, kila mtu huamini ilikuwa taifodi, na ugonjwa wenyewe hupata miezi zaidi ya kujificha. Alipokwisha kusema hayo aliuliza swali ambalo sikulitarajia: "Nyumbani analala na nani?"

Sote wawili tulimfikiria yule mtoto wa ubavuni. Aliitwa akapimwa. Hakuwa na ugonjwa, akaanzishiwa dawa za kumkinga, kama inavyotakiwa kwa watoto wa chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa. Matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali nchini Kenya hayalipiwi. Mama alimeza dawa zake miezi sita bila kuruka siku. Ile bei ya mbuzi wawili haikurudi.

ULIZA, USIONE HAYA

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, vipimo na matibabu yanayowezekana, faida zake, hatari zake na gharama zake. Kuuliza si kumdharau daktari. Ukikabidhiwa karatasi ya maabara, uliza haya:

1. Kipimo hiki kinamtafuta mdudu mwenyewe au kingamwili?

2. Je, kinaweza kukosea, na iko njia ya kuthibitisha?

3. Mbali na ugonjwa huu, homa yangu inaweza kuwa nini kingine?

4. Dawa hii ni ya siku ngapi, na nisipopata nafuu nirudi lini?

5. Je, damu ya kuoteshwa ichukuliwe kabla sijaanza dawa?

Wewe nawe mweleze daktari yote: homa ilianza lini na huja saa ngapi, umesafiri wapi, umelala katika nyumba ya namna gani, unafuga nini, umekunywa maziwa mabichi, umemeza dawa gani kabla ya kuja, na nani mwingine nyumbani anaugua. Mara nyingi maelezo hayo yanashinda tone la damu. Hifadhi karatasi zako zote na uende nazo, hata zile unazodhani si kitu. Hakikisha pia maabara unayoitumia ina leseni ya Bodi ya Mafundi na Wataalamu wa Maabara za Tiba.

Homa ikidumu zaidi ya wiki mbili, au ikiambatana na kikohozi, kupungua uzito na jasho la usiku, omba upimwe kifua kikuu. Na usingoje hata siku moja iwapo mgonjwa anachanganyikiwa, anapata degedege, anapumua kwa shida, anatapika kila kitu, shingo imekakamaa, anatoka damu, au tumbo limekuwa gumu lenye maumivu makali. Hilo la mwisho ni la kuogopwa hasa, kwa kuwa homa ya matumbo ya kweli, isipotibiwa, huweza kutoboa utumbo karibu na wiki ya tatu, na hapo dawa pekee ni upasuaji wa haraka. Mtoto mchanga mwenye homa naye apelekwe hospitali mara moja.

Kinga inabaki ile ile: maji yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika, chakula kifunikwe, na kisima kiwe mbali na choo. Haya hayahitaji karatasi ya mtu yeyote.

Mara ya mwisho nilipopita Kisumu Ndogo ilikuwa alfajiri. Jiko lilikuwa linawaka, na karai lilikuwa mahali pake. Mama alinifungia mahamri manne akakataa pesa. Nilimwuliza bahasha iko wapi.

"Zile sita nimewashia jiko," alijibu. "Ya saba nimeiweka."